Bonifasia Hajawahi Kuugua

Ukitaka kumkasirisha Bonifasia wa Bukiriro, muulize anaumwa nini. Muulize habari za migomba, muulize bei ya maharage, muulize hata nani kagombana na nani kwenye kwaya ya parokia, atakujibu kwa furaha mpaka usahau ulichokuwa umefuata. Ila ukigusa habari za mwili wake anakukazia macho kana kwamba amekukuta umetia mkono kwenye kapu lake, kisha anasema neno moja: "Mzima." Akiwa na homa, mzima. Jino limemvimbisha shavu, mzima. Mwaka ule mwiba ulipomwingia kisigino kikatunga usaha, alichechemea miezi miwili akidai viatu ndivyo vinavyombana. Na viatu hakuwa navyo.

Kwa hiyo mwaka 2005, bintiye Ineza alipopiga simu kutoka Ubelgiji na kusema kwamba ili mama aende huko ni lazima awe na bima ya safari, na ili apewe bima ni lazima ataje maradhi yote aliyowahi kuugua, Bonifasia aliona mambo yamerahisishwa mno.

"Andika sijawahi," alisema, akamrudishia Theonest, karani wa parokia, simu yake ya ofisi.

Lakini tuelewane kwanza kuhusu safari yenyewe. Bonifasia na mumewe Faustini walikuwa na mtoto mmoja tu, na katika kijiji ambacho nyumba yenye watoto watano huhesabiwa kuwa ndiyo kwanza inaanza, mtoto mmoja ni habari ya kuongelewa kisimani. Ineza alisoma, akapata kazi kwenye shirika moja la maji katika kambi ya wakimbizi ya jirani, akakutana na Fabrice, Mrundi mpole mwenye miwani, fundi wa mabomba, wakaoana. Fabrice akapewa makazi Ubelgiji, na baada ya mwaka akamwita mkewe. Sasa Ineza alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza, na Fabrice alikuwa kazini kutwa.

"Mama, njoo," alisema kwenye simu. "Huku mtu anazaa kama aliyekwenda posta. Unapewa namba, unakaa, unaitwa."

Maneno hayo yalimchoma Bonifasia. Mwanangu azae peke yake, kwa namba? Hakuwahi kuvuka Biharamulo maishani mwake, ndege alikuwa akiziona kwa chini tu, lakini siku ile ile alianza kuanika unga wa muhogo wa kubeba. Angekuwapo mtoto akizaliwa, hata kama ni kwa kutambaa.

Bima ya kwanza aliifuata Biharamulo. Kusafiri njia ile miaka hiyo, kambi zikiwa bado zimejaa na msitu umejaa majambazi, hakukuwa mchezo. Magari yalisubiriana penye kizuizi mpaka yatimie, askari wenye bunduki wakapanda la mbele na la nyuma, ndipo msafara ukaingia msituni kwa kasi, abiria wote kimya kama wako kwenye foleni ya kitubio. Hivyo ndivyo Bonifasia alivyokwenda kununua usalama wa safari.

Wakala aliitwa Derick, kijana wa Kaniha mwenye tai na meza ndogo nyuma ya duka la mbegu. Alikuwa na kadi za kijani kibichi zinazong'aa, kila moja ina picha ya ndege.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnauliza magonjwa?"

"Sisi? Hapana, mama! Sisi tunaheshimu siri za watu."

Bonifasia alimpenda palepale. Kijana kalelewa huyu. Akauliza swali la pili, kwa sababu ya msafara wa asubuhi: je, akivamiwa msituni wakati wa kurudi, bima itamsaidia?

"Hapana, mama, njia hii haimo."

"Kwa nini haimo?"

"Njia hii ni ya hatari," alisema Derick kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto.

Alirudi na kadi yake kifuani. Faustini aliigeuza upande huu na upande huu. Faustini ni mtu wa maneno machache, lakini miaka ishirini alikuwa kiongozi wa chama cha machela pale kitongojini, na mambo ya kubebana anayajua. Chama chenyewe hakina karatasi. Mtu akizidiwa asiweze kutembea, pembe inapigwa, wanaume wanaacha majembe walipo, wanambeba kwa zamu, wanne wanne, mlima kwa mlima mpaka hospitali, na wanawake wanafuata nyuma na maji na chakula. Asiyetokea pembe ikilia anatozwa mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi. Akikaidi mara tatu, siku yake ikifika watu wanasikia pembe vizuri sana ila wanatafuta kwanza mashati. Hakuna anayekuuliza uliugua nini mwaka juzi. Wanauliza tu kama ulibeba wenzako.

"Sasa wewe ukianguka kule," Faustini aliuliza, "nani anakuja?"

"Kuna namba nyuma ya kadi."

"Tuipigie."

Wakaenda parokiani. Theonest, kijana wa miaka thelathini aliyevaa kalamu mbili mfukoni hata siku ya sikukuu, alibonyeza namba ya dharura. Ikaita, ikakata. Akarudia. Ikakata. Mara ya tatu ikapokewa, na nyuma ya sauti wakasikia mbuzi wengi.

"Nani?" iliuliza ile sauti. "Piga kesho, nipo mnadani!"

Alikuwa Derick.

Theonest akaiweka simu mezani taratibu. "Mama Ineza, huyu ndiye angekuja kukubeba Ubelgiji."

Basi wakajaribu kampuni ya pili, aliyoitafuta Ineza mwenyewe, yenye ofisi Dar es Salaam na mambo mengi. Kabla hata Theonest hajakohoa, mwanamke alishapokea na kuuliza mgonjwa yuko wapi na kama anapumua.

"Anapumua!" Theonest alipaza sauti, jasho likimtoka. "Anapumua vizuri sana, tunajaribu simu tu."

Yule mwanamke akawaambia wakijaribu tena waanze na hilo.

Bonifasia alicheka njia nzima. "Huyo ameuliza kama napumua," alimwambia Faustini. "Derick hakuuliza." Ile kadi ya kijani ikaenda kuziba tundu la dirisha la jikoni, na inavyosemekana kazi hiyo iliifanya vizuri.

Tatizo ni kwamba kampuni inayouliza kama unapumua huuliza na mengine. Fomu ilikuja ina maswali thelathini na manne. Theonest aliyasoma moja moja, akitafsiri, na Bonifasia alikaa wima kwenye benchi akiyajibu yote kwa neno moja. Moyo? Hapana. Figo? Hapana. Kifafa, degedege, kuzimia? Hapana. Lawama zote za mwili zikapita hivyo hadi ukurasa wa tatu, ambapo Theonest aliinua macho akaangalia dari.

"Hapa wanauliza mambo ya... haya ya akina mama. Uzazi. Kama kuna mimba iliyo..."

"Hapana," alisema Bonifasia.

"Asante," alisema Theonest, na alishukuru kwa dhati. "Umewahi kufanyiwa upasuaji wowote?"

"Hapana."

"Umewahi kutumia jina jingine lolote?"

Hapo Bonifasia alichelewa kidogo. Akapangusa vumbi lisilokuwepo kwenye kitenge chake.

"Jina la nini? Nina langu."

Theonest akaandika hapana. Karatasi ile ukiisoma unaona mwanamke wa miaka hamsini asiye na dosari hata moja, kama vile alishushwa jana. Ilibaki mhuri wa daktari tu.

Daktari wa hospitali aliyopelekwa alikuwa dada mmoja mfupi anayeitwa Adelfina, hajafika miaka thelathini, na mikono yake haikuwa na haraka. Alisoma fomu, akaguna, akafunga mkono wa Bonifasia na kipimo cha presha, akaguna tena.

"Mama, presha iko juu sana."

"Wewe ndiye umenifinya mkono."

"Lala hapa, mama." Akafunua tumbo. Kutoka kitovuni kushuka chini kulikuwa na kovu refu, nene, lililonyooka, na vialama vya nyuzi pembeni huku na huku. "Na hili?"

"Niliangukia jembe."

Adelfina aliinama akaliangalia kwa karibu. "Jembe hili lilijua kushona," alisema.

Bonifasia hakucheka. Alikuwa anaangalia ukutani.

"Mama, nikuambie kitu," daktari alisema, safari hii bila mzaha. "Hawa watu si wabaya, ila wana kumbukumbu. Ukiwaficha, siku utakayoanguka kule watatoa karatasi hii kwanza, waone ulisema hujawahi, na hawatalipa hata panadol. Mwanao ndiye atakayebeba gharama, na kitoto kichanga mgongoni. Hapo ulipopasuliwa, wana jalada lako. Nenda kalilete. Sipigi mhuri kwenye uongo."

Nenda kalilete! Ni rahisi kusema. Jalada lilikuwepo, tena zuri, lakini halikuwa la Bonifasia.

Ilikuwa mwaka 1995, wakati vilima vyote vimefunikwa na maturubai ya bluu na kuni zimekuwa adimu kuliko chumvi. Bonifasia, akiwa na miaka arobaini na hali ya matumaini aliyokuwa ameshaacha kuitumaini, alikuwa na mimba ya miezi minane. Ineza yuko shule ya bweni. Asubuhi moja shambani kichwa kilimgonga, macho yakaona ukungu, akaanguka chini ya migomba akitupa mikono na miguu. Aliyekuwa naye ni Niragira Claudia, mkimbizi wa Kirundi aliyekuja kulima kibarua na kuishia kuwa rafiki. Claudia alipiga yowe, Faustini akapiga pembe, machela ikaja.

Kwenye njia panda wabebaji walisimama. Hospitali ya wenyeji ilikuwa mbali, milima mitatu. Ile ya kambini ilikuwa karibu, ina madaktari wa Kizungu na taa zisizozimika, lakini kila mtu Bukiriro alijua kuwa ile ni ya wakimbizi, bila kadi hupiti. Kila mtu alijua kwa sababu kila mtu alikuwa ameambiwa na mwenzake. Wakabishana, mgonjwa anatoka povu. Ndipo Claudia alipochomoa kadi yake kutoka kifuani akaiweka juu ya machela, mkononi mwa Bonifasia.

"Huyu ni mimi," alisema. "Mimi leo sipo."

Hivyo Bonifasia akapasuliwa akiwa mkimbizi. Aliamka siku ya pili, wakimwita Claudia, na mtoto hakuwepo. Alikuwa wa kiume. Walikuwa wameshamzika kwenye makaburi ya kambi, kwenye safu ya watoto, na kibao chenye namba. Bonifasia alikaa pale siku kumi na mbili akiitikia jina lisilo lake, akilia kwa jina lisilo lake, kisha akarudi nyumbani. Kwa Ineza wakapeleka barua kwamba mama alikuwa na malaria kidogo. Kitoto cha shule utakiambia nini? Halafu miaka ikapita, Ineza akawa mtu mzima, na mambo ya uzazi binti huambiwa na shangazi, si mama, na shangazi alikwishafariki. Tangu siku ile ndipo Bonifasia alipoanza kuwa mzima.

Alikata shauri siku ya Jumanne. Miezi miwili ilikuwa imeshapita katika hizo safari na mihuri, Ineza yuko mwezi wa nane, na visa haitolewi bila bima. Akajitwika kapu la ndizi, ili akionwa aonekane anakwenda soko la kambini kama watu wengine, akashika njia. Roho yake ilikuwa juu. Kutumia kadi ya mkimbizi lilikuwa kosa, watu walikamatwa kwa hilo. Alikuwa ameshajiandalia hata maneno ya kumwambia askari.

Kwenye hospitali ya kambi majalada yalitunzwa na Jean Paul, Mrundi mwenye mvi aliyekuwa pale tangu siku ya kwanza na aliyependa makabati yake kuliko watu, kwa sababu makabati, alisema, hayajawahi kumdanganya. Bonifasia alimsalimia, akaweka kapu chini.

"Nataka jalada la Niragira Claudia."

"Wewe ni nani yake?"

"Mimi ndiye."

Jean Paul alivua miwani. "Mama, Claudia alirudi Burundi mwaka jana. Nilimuaga mwenyewe. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, na anajua kucheka."

Bonifasia akasema yote, harakaharaka, akiangalia mlango: machela, njia panda, kadi, mtoto. Alipomaliza, akanyoosha mikono yake miwili kidogo, kama mtu anayesubiri pingu.

Jean Paul hakuishika. Alikuwa anamtazama kwa huruma iliyochanganyika na kitu kingine.

"Mama," alisema, "wenyeji walikuwa wanatibiwa hapa."

"Walikuwa nini?"

"Wanatibiwa. Tangu mwanzo. Bila kadi. Ilibandikwa hata mlangoni."

"Ala!" Bonifasia aliruka. "Miaka kumi! Miaka kumi nalala na kosa kitandani! Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuja umezimia, na kadi mkononi."

Akavuta kiti kilichokuwa pale, akaketi. Jean Paul, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, aliingia kwenye makabati akarudi na jalada la kahawia, nene, lililotunzwa vizuri kuliko vitabu vya parokia. Kwanza akafungua ukurasa wa mwisho, kwa udadisi wake mwenyewe. Ulikuwa wa mwaka jana, siku Claudia alipopimwa kabla ya kupanda lori la kurudi kwao. Mpimaji alikuwa ameandika: *Kovu la upasuaji limepona vizuri sana. Halionekani kabisa.*

Wakatazamana. Bonifasia ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kilichomtoka pamoja na machozi, na Jean Paul akacheka mpaka akashika kabati. "Shirika lingejua lina dawa kama hiyo," alisema.

Kisha akarudi nyuma, kurasa za 1995, akaanza kusoma na kumtafsiria. Kifafa cha mimba. Presha juu. Upasuaji wa dharura. Mtoto wa kiume, amefariki. Bonifasia alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na kila neno lilikuwa kama mtu anayeingia nyumbani bila kubisha hodi. Halafu Jean Paul akafika kwenye maandishi ya daktari, yaliyopigiwa mstari mara mbili.

"*Ugonjwa huu unaweza kufuata ukoo. Mgonjwa ameelezwa kuwa ndugu zake wa kike na binti zake waangaliwe kwa karibu wakiwa wajawazito. Ameulizwa kama ana binti.*" Akasita. "*Amejibu: hana.*"

Bonifasia aliinua kichwa.

Alikumbuka. Mungu wangu, alikumbuka. Mzungu amekaa ukingoni mwa kitanda, mkalimani anauliza, una binti? Na yeye akafikiria kadi. Kwenye kadi Claudia alikuwa peke yake, hana mume, hana mtoto. Akaogopa kukosea. Akasema sina. Ineza wake, wa pekee, alimkana ili hesabu ya kadi ikubali.

"Nipe simu," alisema.

"Mama, Ubelgiji? Salio langu ni la..."

"Jean Paul, nipe simu!"

Ilipokewa. "Mama? Hujambo?" ilisema sauti ya Ineza. "Mbona namba ngeni?"

"Usiniulize hali. Nisikilize, salio ni dogo. Miguu yako imevimba?"

"Kidogo tu. Kila mjamzito..."

"Na uso?"

"Fabrice ananitania kuhusu uso."

"Kichwa?"

"Tangu jana. Nimemeza panadol. Mama, kwani..."

"Nilipata kifafa cha mimba, Ineza. Mimi. Nikapasuliwa. Kipo kwenye damu yetu. Walipokuuliza huko kuhusu mama yako ulisemaje?"

"Nilisema hujawahi kuugua."

"Nilikudanganya! Toka hapo ulipo, nenda hospitali sasa hivi, usisubiri miadi, usisubiri Fabrice, waambie mama yako alianguka shambani akiwa na miezi minane, waambie..."

Salio likaisha.

Siku tatu zilizofuata hakuna aliyemuuliza Bonifasia kama ni mzima, maana ilionekana. Hakulima. Hakupika. Alikaa kwenye ngazi za ofisi ya parokia, na Theonest, ambaye sasa alishajua kila kitu, alimpelekea uji na kuandika upya ukurasa wa tatu bila kutazama dari hata mara moja. Upasuaji: ndiyo. Presha: ndiyo. Kifafa cha mimba: ndiyo. Jina jingine: Niragira Claudia. Adelfina akasoma jalada, akagonga mhuri wake kwa nguvu. Fomu ikaondoka na basi, lakini Bonifasia hakuitazama ilipokuwa ikienda. Alikuwa anaitazama simu.

Siku ya nne ikaita. Alikuwa Fabrice, na alikuwa analia, kwa hiyo mwanzo hawakumuelewa, na dakika hiyo moja ya kutoelewa Bonifasia alizeeka. Kisha wakaelewa. Ineza alifika hospitali kwa miguu yake. Walimpima, wakaacha kumpa namba. Wakampasua siku ile ile. Kasichana, kadogo, kanalala kwenye kisanduku cha kioo, kanapumua. Ineza anapumua. Daktari alisema lau wangechelewa hadi kesho yake, asingependa hata kulizungumzia.

Bonifasia alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya ofisi, Theonest naye akapiga, na mbele ya karani yule wa parokia alilia kwa sauti, kwa jina lake mwenyewe.

Majibu ya kampuni yalikuja baada ya wiki tano, kwenye bahasha nzuri. Miadi ya visa ilikuwa imeshapita. Theonest alisoma huku akitafsiri: kampuni inamshukuru mteja kwa uaminifu wake, inafurahi kumkubali, na itamlipia matibabu ya dharura ya aina zote, isipokuwa chochote kinachohusiana na presha, uzazi, tumbo, na upasuaji uliotajwa.

"Yaani," alisema Bonifasia, "watanibeba nikiwa mzima."

"Ndivyo inavyosomeka, mama Ineza."

Hakukasirika. Alimwambia Theonest aitunze barua, mwaka kesho wataomba upya. Ugonjwa wake ulikuwa umeshafika Ubelgiji kabla yake, bila visa, na kazi aliyotaka kuifanya huko uliifanya wenyewe. Wakati Theonest anatafuta faili la kuiwekea, simu ikaita tena. Ineza, na nyuma yake mlio mwembamba wa mtoto mwenye njaa.

"Mama, tumempa jina. Claudia."

"Aa! Jina hilo nimeshalitumia."

Ineza akacheka. "Na wewe, mama? Hujambo?"

Bonifasia alifungua mdomo. Neno lile lilikuwa tayari mlangoni, lile moja, limeshavaa na kujifunga. Theonest aliliona likija. Lakini mama wa watu alivuta benchi, akaketi vizuri, akajifunga kitenge.

"Kisigino kinaniuma," alisema. "Kile cha mwiba, hakijapona mpaka leo. Kichwa kinauma jua likipanda. Dawa za presha nimeanza, zinanikausha mdomo. Hili kovu linawasha mvua zikikaribia. Una muda, mwanangu?"

"Ninao, mama."

"Basi kaa chini, umshike mtoto vizuri. Ulikuwa na mdogo wako wa kiume. Nataka nikuambie alipo."